Paa Moja la Manjano

Vijana wa ofisi, siku ile ya kuniaga mlinipa mwavuli. Niliupokea kwa mikono miwili, nikashukuru kama mtu mwenye adabu. Lakini njiani kurudi nyumbani nilicheka peke yangu mpaka mwenye bodaboda akageuka kuniangalia. Mtu ameziba mapaa ya watu maisha yake yote, halafu mwisho wa kazi anapewa mwavuli! Haya. Nimekaa nao hapa Kyondo, kahawa yangu iko mbele ya macho, na ninaandika kama mlivyoniomba. Mlisema niwaachie maneno kidogo kuhusu kazi yetu ya kufunika nyumba zinazovuja. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, hayajawahi kuziba tundu.

Nilianza Kasese, katika kambi ya askari, kama fundi raia. Kwenye kambi ile walikuwepo watu kutoka kila pembe ya Uganda, na wake zao, na watoto wao, na kuku wao, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Mimi nilitoka huku mlimani na Kikonzo changu tu na Kiingereza cha kuombea maji. Mkuu wa matengenezo alikuwa Afande Drani, sajini mmoja mfupi kutoka upande wa Arua, mwenye sauti ya kupasua bati. Neno la kwanza aliloniambia halikuwa karibu. Alisema, "Wewe! Viatu toa! Panda juu!"

Nikatoa viatu, nikapanda. Nikakanyaga katikati ya bati, kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Bati lilikuwa limeoza, na mguu wangu ukaingia ndani mpaka kwenye paja. Chini yangu mke wa koplo mmoja alikuwa anapika maharage. Nilimsikia akisema, bila hata kushtuka, "Afande, kwani nilikwambia naomba mguu?"

Kambi nzima ilicheka, isipokuwa Drani. Alinishusha, akanishika shingo, akanigeuza nitazame paa likipigwa na jua. "Unaona mistari ya misumari? Chini ya msumari iko mbao. Tembea kwa msumari. Kwingine kote ni hewa, imevaa bati." Nilimuelewa vizuri sana, kwa sababu paja lilikuwa linatoka damu. Mpaka leo nikiona kijana anapanda paa nawaza kwanza miguu yake, jina lake baadaye.

Somo la pili alinipa siku hiyohiyo, ndani ya nyumba ileile. Mke wa koplo alituonyesha mahali maji yanapoangukia, juu ya kitanda, akasema tundu liko hapo juu. Drani hakutazama hata kidogo. Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa blanketi, tukasimama gizani sisi watatu na yale maharage. Baada ya muda macho yakazoea, na pale juu, mbali kabisa na kitanda, karibu na ukuta wa jirani, nikaona kitone cha mwanga. "Hiyo hapo," akasema Drani. "Maji anatembea. Anaingia kwa jirani, anapita chini ya bati, anapanda mbao, akichoka anaangukia wewe." Akachukua unyasi wa ufagio, akauchomeka kwenye kitundu ili tukiwa juu tuuone umesimama. Hiyo njia sijapata nyingine inayoipita. Nyie mna simu zenye tochi na kamera, sawa, lakini wekeni pia ufagio karibu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Nyundo, koleo, kamba, misumari ya mabati, debe la lami, na mpira wa ndani wa tairi za lori ambao tulikata viraka kwa kisu. Msumari ukikosa mpira wake wa kuzibia, tulikata sapatu kuukuu, zile ndala za mpira, tukatoboa kijipande katikati. Kuna familia moja pale kambini ilipoteza sapatu zote za nyumba katika msimu mmoja wa mvua, na mimi sijui lolote kuhusu jambo hilo. Kwa tundu la msumari, mvua ikiwa imeshaanza, Drani aliniruhusu kutumia sabuni ya mche. Unaikanda, unaisukuma ndani kwa dole gumba, inashika. Inashika mpaka mvua ya kesho, halafu povu linateremka ukutani na mwenye nyumba anakuita majina.

Lakini kile alichonifundisha Drani ambacho nataka mkishike zaidi ya sabuni ni hiki. Alikuwa na desturi yake. Kila tulipomaliza kazi ya dharura, turubai au kiraka, alimwita mwenye nyumba nje, amsimamishe mbele ya jirani, amwambie, "Nimekufunika, sijakutengenezea." Na mwenye nyumba lazima ayarudie maneno: "Nimefunikwa, sijatengenezewa." Hata mke wa mkubwa aliyasema. Hata mkubwa mwenyewe aliyasema siku moja, akiwa na taulo kiunoni, amekasirika kweli. Nikamuuliza Drani kwa nini tunawasumbua watu hivi. Akasema mtu akifunikwa tu analala vizuri, akilala vizuri anasahau, na mbao zake zinaoza kimya kimya mpaka paa zima linamshukia. Kwake yeye turubai lilikuwa deni kwa yule aliyelitandika, wala si kwa mwenye nyumba. Halikutakiwa kuona msimu wa pili wa mvua. Alipohamishwa aliniachia nyundo yake na desturi yake, na vyote viwili nimevitumia mpaka vimelika.

Baadaye nikahamishiwa Bwera, ofisi ya ujenzi ya mji, nyie mnaijua. Mvua ya kule ni nyingine. Inashuka mlimani na upepo wake, haipigi hodi. Na Kiswahili cha kule nacho ni kingine. Mpaka uko pale chini, Wakongo wanavuka asubuhi na jioni, na nilipofika mara ya kwanza mama mmoja aliniambia nyumba yake "inahitaji bashi." Nilizunguka stoo nzima nikitafuta kitu kinachoitwa bashi, na nilikuwa nimekikalia. Ni turubai.

Huyo mama alikuwa Kavira. Sasa nataka nikae kwake kidogo, maana ndiye sababu hasa ya mimi kukubali kuandika.

Kavira alikuwa amekimbia kutoka upande wa Beni. Watu walitawanyika njiani, kila mmoja na mbio zake. Yeye alibaki na mtoto wa mgongoni. Mume wake Paluku na binti yao Masika, msichana mdogo tu wakati huo, walikwenda upande mwingine, na simu ya Paluku tangu siku hiyo haikupatikana tena. Alifika Bwera, akapanga nyumba ndogo kule juu ya soko, mwenye nyumba akiwa anaishi zake Kasese, na akaanza kuuza mafuta ya mawese. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Aliuza mawese yake, alikwenda misa, na kila mfanyabiashara aliyevuka mpaka alimpa ujumbe mmoja: ukimwona Paluku ao Masika, umwambie niko hai, niko Bwera.

Upepo ulipoinua mabati yake nilikwenda na mwenzangu Masereka, mtu mkimya mwenye mikono mizuri. Stoo ilikuwa imebaki na turubai moja tu, la manjano kama kiini cha yai. Tulilitandika kama inavyotakiwa, na nyie msisahau: turubai lipite juu ya mgongo wa paa, lishuke upande wa pili, maana ukiliishiza katikati maji yataingia kwa chini yake. Pindo lake unalizungushia ubao, halafu unapiga msumari kwenye ubao, usipige kwenye turubai tupu, upepo utalichana kama karatasi. Mawe hapana. Jiwe likiteleza linaua mtu. Mifuko ya mchanga, miwili miwili, imefungwa kwa kamba moja na kuning'inia huku na huku kama mizigo ya punda.

Tulipomaliza nikamwita Kavira nje, nikamwita na jirani, nikasema maneno ya Drani. Akanitazama mimi, akalitazama paa.

"Nimefunikwa," akasema. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza namwona akitabasamu. "Hee! Papa Bwambale, hii bashi inaonekana hata Kongo!"

Na ilikuwa kweli. Kilima kizima kilikuwa cha mabati yenye kutu, na ile manjano pale juu ungeiona kutoka barabara ya mpakani. Baada ya muda mfupi akina mama wa sokoni waliacha kusema kwa Kavira, wakasema kwa bashi ya manjano. Naye akabadilisha ujumbe wake. Nilimsikia kwa masikio yangu, akimwambia mama mmoja aliyekuwa anavuka na vikapu: "Mukimuona Paluku ao Masika, museme mama iko Bwera, juu ya soko, mu nyumba ya bashi ya manjano. Batu ba soko batamuonyesha." Fikirieni. Mtu aliyepotelewa na kila kitu, sasa ana anwani.

Mvua zilipokwisha mwenye nyumba alileta mabati mapya, jambo la ajabu kwa mwenye nyumba wa mbali. Nikaenda na Masereka, nikafurahi, nikaegemeza ngazi. Kavira akatoka ndani, akasimama kwenye ngazi, chini kabisa, akishika mbao zake kwa mikono miwili.

"Papa, hapana. Usitoe."

"Mama, mabati mapya haya. Unataka mbao zioze?"

"Wacha zioze. Minaomba, papa. Beko njiani, Paluku na Masika. Batakuya, batatafuta manjano, bataikosa."

Mimi si mtu mpole juu ya mambo ya paa. Nilimwambia kazi yangu ni kufunika, halafu kutengeneza, wala si kupamba kilima. Nilisema na mengine. Hakuachia ngazi. Mtoto wake alikuwa mlangoni anatutazama. Nikakaa juu ya yale mabati mapya nikawaza, Masereka akakaa kando yangu, na moyo wangu ukaniuma, nasema wazi. Mimi wa kwangu wote walikuwa nyumbani, wanakula.

Tulipiga mabati mapya. Kisha juu yake tukapiga vipande vyembamba vya mbao, ili hewa ipite na bati lisishike kutu, na juu ya mbao tukarudisha turubai la manjano, na kamba zake na mifuko yake ya mchanga. Paa halivuji hata tone, na limefunikwa. Masereka, ambaye anaweza kumaliza siku nzima bila kusema, aliteremka ngazi akasema, "Mzee, hii sasa tumemfunika nani?" Nikamwambia abebe ngazi.

Misimu ikapita. Turubai likichakaa kwa jua nililibadilisha, nikihakikisha ni manjano. Watu wa ofisini walinicheka. Ujumbe ukaendelea kwenda, Kasindi, Beni, Butembo, kwa midomo ya wauza samaki na wauza vitenge, na hakuna aliyekuja.

Kisha ikaja ile dhoruba mnayoikumbuka, ya mvua ya mawe mchana kweupe. Mabati yaliruka kama majani. Nyumba kwa nyumba, Bwera yote, mpaka kuelekea Munkunyu, watu walibaki wanatazama mbingu kutoka vitandani mwao. Shirika moja likaleta lori la maturubai. Nyie vijana mlikuwepo, mlipanda, mlibeba, na siwezi kuwasifu vya kutosha. Kulikuwa na wazee na wazazi wenye watoto wachanga chini ya yale mapaa, na hakuna aliyelala kwenye maji zaidi ya ilivyolazimu. Tulifungua bunda baada ya bunda, tukatandika. Tulipomaliza nilisimama na Masereka barabarani chini, nikakitazama kilima, nikajiona mtu mkubwa. Kote kumefunikwa. Hakuna nyumba iliyoachwa.

Kavira akapanda kutoka sokoni na dumu lake la mawese kichwani. Akafika tulipo, akatazama tunakotazama. Akashusha dumu taratibu, akaliweka chini.

"Papa," akasema, "manyumba yote iko manjano."

Nikatazama tena. Mungu wangu! Kilima kizima kilikuwa cha manjano. Siku zote zile za kupanda na kushuka nilikuwa nimeona mbao, misumari na kamba, sikuiona rangi.

"Sasa mutoto yangu atanijua namna gani?"

Masereka, naye alishtuka, akasema tutaweka alama kwenye la kwake, msalaba mkubwa mweusi wa lami. Kavira akatikisa kichwa. "Habari imekwisha kwenda. Miaka yote minasema manjano. Kila mutu anasema manjano. Nitaikimbiza wapi nirudishe?" Na hapo ndipo alipolia, barabarani, watu wakipita. Hakulia kwa sauti. Alijifuta kwa kitenge, akainua dumu lake, akapanda nyumbani kwake akipita kati ya mapaa yale yote.

Sijutii kuwafunika watu. Ningewafunika tena kesho. Lakini sikulala vizuri, na asubuhi niliwaita nyie wote ofisini, mkadhani nimepata wazimu. Niliwaambia maturubai ni mali ya ofisi, yameazimwa tu, na kila nyumba itakayopata mabati tutakwenda sisi wenyewe kupiga misumari, hata Jumamosi, ili turubai lirudi stoo. Mnakumbuka mlivyonung'unika? Baadhi yenu mlidhani natafuta sifa za kustaafia. Sasa mnajua nilikuwa natafuta nini.

Na watu wa Bwera, jamani! Turubai likishakaa juu ya nyumba ya mtu linakuwa la ukoo. Huyu anataka kulianikia kahawa, yule ana arusi inakuja, mwingine mbuzi wake wamelizoea. Niliwakumbusha maneno waliyoyasema mbele ya majirani zao, kwamba wamefunikwa, hawajatengenezewa. Nilikwenda kwa watu mpaka wakawa wanafunga milango wakiniona. Sokoni walisema Bwambale siku hizi amekuwa askari. Baadhi walikuwa hawana mabati kweli, na hao sikuwagusa, niliwatafutia. Lakini wengi walikuwa nayo, yamesimama ukutani, wanangoja nini hawajui.

Mgumu kuliko wote alikuwa Mzee Kule, ambaye nyumba yake iko ya kwanza kabisa ukitoka mpakani, na paa lake lilikuwa kubwa. Mtu akipanda kutoka barabarani ataona la mzee huyo kwanza. Mabati mapya alikuwa nayo, ameyapanga nyuma ya jiko, ameyafunika kwa turubai lingine, la manjano!

"Fundi," akaniambia, amekaa kwenye kiti chake, "hili turubai limenikalia vizuri. Halipigi kelele mvua ikinyesha. Bati linapiga kelele."

"Mzee, mbao zako zinaoza."

"Ni mbao zangu au zako?"

Nikaona hapa maneno ya mbao hayaendi. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamwambia habari ya Kavira yote, tangu mwanzo. Alisikiliza akitafuna kijiti. Nilipomaliza alikasirika.

"Kwani mimi nimemficha mtoto wa mtu?"

"Hapana, mzee."

"Basi mbona unanitazama hivyo?" Akatupa kijiti chake. Kisha akauliza, "Huyo mtoto jina lake nani?"

"Masika."

Nyie mnajua, huku kwetu na kule ng'ambo msichana wa kwanza ni Masika. Kila ua lina Masika wake. Mzee Kule akageuza uso, akaita ndani, "Masika!" Akatoka binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto, akauliza, "Baba, kuna nini?" Mzee akamwambia, "Hakuna. Nilitaka tu kukuona." Kisha akaniambia nipeleke watu wangu asubuhi, na nisije na kelele nyingi.

Tulipiga mabati ya Mzee Kule. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji tena kuwa askari, maana askari alikuwa yeye. Alikwenda kwa majirani na fimbo yake, baada ya misa aliwasimamisha watu uani pa kanisa, akiwauliza wanataka kufunikwa mpaka lini. Manjano ikaanza kupungua kilimani, hapa moja, pale moja. Kavira aliendelea na mawese yake. Lakini kila jioni akipanda kutoka sokoni nilimwona akisimama pale barabarani na dumu lake kichwani, anatazama juu, midomo inahesabu. Siku ya mwisho, tuliposhusha turubai la nyumba ya mwalimu mmoja pale karibu na kisima, likabaki la kwake peke yake.

Muda ukapita tena baada ya hapo, na mimi nikaanza kuzoea wazo la kustaafu. Siku moja ya soko nilikuwa stoo nikipanga kamba. Kavira akaingia mbio, bila sapatu, bila kitambaa kichwani.  Alinishika mkono wa shati akanivuta. Nilidhani paa limeanguka, nikamwita Masereka alete ngazi, tukapanda kilima mimi nikihema kama ng'ombe.

Kwenye kizingiti alikuwa amekaa msichana mrefu, amevaa kitenge kilichopauka, anakula ugali na sombe ya majani ya muhogo kwa haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Yule mtoto wa mgongoni, sasa mvulana wa shule, alikuwa amesimama mbali kidogo, anamchungulia. Sikuhitaji kuambiwa. Walikuwa na paji moja la uso, yeye na mama yake.

"Shikamoo, papa," akasema Masika, mdomo umejaa.

 Nikakaa chini, mtu mzima mimi, nikalia, na Masereka akageuka akajifanya anaikagua ngazi.

Alitueleza kidogo kidogo. Mwaka wa ile dhoruba alishawahi kufika. Alivuka na wauza samaki, akatafuta bashi ya manjano, akakuta kilima kizima cha manjano. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba. Akauliza mama Masika anakaa wapi, maana kwao mtoto hamtaji mama kwa jina, na kila nyumba ikamwambia mama Masika ni hapa. Akatazama nyuso zile, hakuna iliyokuwa ya mama yake. Jua likazama, wenzake wanarudi, akarudi nao Kasindi, akakaa kwa mwanamke mmoja akimwoshea vyombo. Kavira aliyasikia haya akiwa amemshika mguu, hakuuachia hata wakati wa kumwongezea mboga. Kumbe siku ile mtoto alikuwa amepita mlangoni kwake, na yeye yuko sokoni anauza mawese.

"Halafu juzi," akasema Masika, "mama moja wa vitenge akasema, Bwera siku hizi imebakia manjano moja tu. Nikasema, basi, hiyo njo ya mama."

Furaha ilinipanda kichwani. Nikainuka, nikamwambia Masereka, lete ngazi hapa. Miaka yote ile paa lile zima, lisilovuja, nimelibadilishia vazi, na sasa kazi imekwisha, nilishushe turubai mwenyewe kwa mkono wangu kabla sijastaafu! Nikapanda kwa misumari, kama nilivyofundishwa. Nikashusha mifuko ya mchanga ya upande mmoja. Nikaingiza koleo chini ya ubao wa kwanza, nikang'oa msumari mmoja.

Masika akaacha kula. Akaja mpaka chini ya ngazi, akanitazama, jua likimpiga machoni.

"Papa, unafanya nini?"

"Natoa bashi, mwanangu. Umeshafika."

"Usitoe," akasema. "Siku ile ya kukimbia baba alinipandisha motokari, akasema mimi nitangulie. Alisema yeye anakuya nyuma."

Nikamtazama Kavira. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Ameshasikia hayo kabla yangu, niliona. Na aliyajua na yale ambayo mimi na Masereka tuliyajua, na labda hata msichana mwenyewe aliyajua, maana miaka ilikuwa imekwenda mno kwa mtu aliyesema anakuja nyuma.  Kavira akaniinamishia kichwa kidogo tu, kuelekea kwenye ule ubao.

Nikautafuta msumari, nikaupiga tena palepale. Masereka akaniinulia mifuko ya mchanga.

Basi, vijana, haya mengine yote mtajifunza wenyewe kwa kutumbukiza miguu kwenye maharage ya watu. Lakini hii kazi moja naiacha kwenu kwa jina. Stoo, nyuma ya magunia ya chokaa, kuna turubai jipya limekunjwa. Msimpe mtu, hata dhoruba ije. Mvua za vuli zikikaribia pandeni mkalibadilishe lile la zamani, pindo kwenye ubao, mifuko miwili miwili, na mkimaliza msimwambie mama yule maneno ya Afande Drani, msalimieni tu mkashuke. Nyumba iko juu ya soko. Hamtapotea, ni ya manjano peke yake.